Somo: Kufunga sauti ya kuzunguka katika nyumba ya mawe

Juzi niliitwa Mkomani, hapa Lamu, kuangalia homu thieta mpya. Boksi limeandikwa 7.1, spika zote zimeshapachikwa, lakini kinachotoka nyuma ni kilekile kinachotoka mbele. Mwenye nyumba alikuwa ameshaufunga mzigo, punda yuko mlangoni, tayari kuurudisha dukani. Mashine ilikuwa nzima. TV ndiyo iliyokuwa ikiipa chaneli (mikondo ya sauti) mbili tu, na mashine ikazigawa kwa spika nane kadiri ilivyoweza.

Ndiyo maana nimeamua kuliandika somo hili. Lisomeni hadi mwisho kabla ya kuuliza, tafadhalini.

Hatua ya 1: Zielewe namba

5.1 ni spika tano na wufa (spika ya besi) moja. Mbele ziko tatu (kushoto, kati, kulia), na mbili ziko ubavuni, nyuma kidogo ya masikio. Ile ".1" ni chaneli ya besi peke yake. Haipandi kupita hertzi 120 hivi, na kwa kuwa inabeba kipande kidogo tu cha sauti, haikuhesabiwa kuwa chaneli nzima. 7.1 inaongeza mbili za mgongoni. Ukiona namba ya tatu, kama 5.1.2, hiyo ya mwisho ni spika za juu.

Hatua ya 2: Spika ni kitu kimoja, fomati ni kingine

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Fomati ni namna sauti ilivyofungashwa. Unaweza kuwa na spika kumi na moja ukaletewa furushi la chaneli mbili.

Zamani chaneli ya nyuma ilifichwa ndani ya stereo ya kawaida. Dolby Surround, fomati ya kampuni ya Dolby ya mwaka 1982, ilifanya hivyo, na Pro Logic ya 1987 ikaweza kuitoa spika ya kati pia. Ilikuwa hila nzuri, ila sauti zilivuja kutoka spika moja hadi nyingine.

Kisha ikaja Dolby Digital, iliyoingia sinema mwaka 1992, na DTS, ya kampuni nyingine, ikafuata mwaka 1993. Hapa kila chaneli ina njia yake. Tatizo lilikuwa ukubwa: chaneli sita zisizobanwa zinataka biti kama milioni 4.6 kwa sekunde, na DVD inaipa Dolby Digital biti 448,000 tu. Basi inatupa yale ambayo sikio halitayasikia. Ukiwa kwenye boti ya Mokowe injini inanguruma, jirani akinong'ona humsikii. Kwa nini basi mnong'ono ule uhifadhiwe? Ndivyo inavyofikiri. Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio za kwenye Blu-ray nazo zinabana, lakini hazitupi kitu. Zikifunguliwa, sauti inarudi kamili.

Dolby Atmos, iliyoingia sinema mwaka 2012 na majumbani 2014, ilibadili fikra yenyewe. Badala ya kusema "sauti hii itoke spika ya nyuma kushoto", inasema "helikopta iko hapa juu, inaelekea kule". DTS:X ya 2015 iko hivyohivyo. Ni tofauti ya kumwambia mgeni "simama mlango wa tatu" na kumwambia "elekea kibla". Wa kwanza akiingia nyumba yenye milango miwili amepotea. Wa pili umtie nyumba yoyote, atakitafuta kibla kiliko. Risiva, yaani mashine inayopokea sauti na kuzigawia spika, ndiyo inayofanya hesabu hiyo kulingana na spika ulizonazo.

Hatua ya 3: Fuata waya

Waya wa optiko unabeba stereo, au Dolby Digital na DTS za kawaida. TrueHD haupitishi. HDMI ya ARC (tundu la HDMI linalorudisha sauti kutoka TV) inapitisha Dolby Digital Plus, toleo jipya la Dolby Digital, na humo ndimo Atmos ya filamu za intaneti inamosafiria. Ukitaka TrueHD ya diski, tumia eARC (ARC mpya, yenye nafasi kubwa zaidi), au chomeka mashine ya diski kwenye risiva moja kwa moja. Mimi napenda hii ya pili. Kadiri TV inavyokaa mbali na sauti, ndivyo matatizo yanavyopungua.

Hatua ya 4: Chumba chenyewe

Vitabu vya maelekezo vimeandikwa kwa vyumba vya mraba. Vyumba vyetu vya mawe ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Watu wengi wanaitundika TV kwenye ukuta mrefu, kisha wanaketi mgongo umegusa ukuta wa pili. Hapo sahau 7.1, spika za mgongoni utazitia wapi? Funga 5.1, zile mbili ziwe ubavuni, nyuma kidogo ya masikio na juu yake kidogo.

Mimi huiweka TV ukuta mfupi, na kiti nakivuta mbali na ukuta wa nyuma. Spika za mbele, kushoto na kulia, kila moja iwe nyuzi 30 hivi kutoka katikati ukiwa umeketi. Ya kati ikae chini ya TV, ielekee usoni. Maneno mengi ya filamu yanatoka humo, kwa hiyo kama pesa ni chache, zipeleke hapo kabla ya kwingine.

Kuta za chokaa zinarudisha sauti kama kisima. Tandika zulia au mikeka, weka mito na mapazia mazito. Na wufa, tafadhali, usiitie ndani ya kidaka (shubaka la ukutani)! Nimeiona. Ikiwashwa, kidaka kizima kinavuma na vikombe vya bibi vinacheza.

Hatua ya 5: Ipe risiva vipimo

Kwa joto letu sauti huenda karibu mita 350 kwa sekunde, yaani mita moja inachukua takriban milisekunde 3. Ni kidogo, lakini sikio hulijua. Ukiwa darini wakati wa adhana, bila kugeuka unajua hii ni ya Riyadha na hii ni ya Msikiti wa Pwani, kwa kuwa sauti hufika sikio moja kabla ya lingine. Basi pima kwa futi kamba kutoka kitini hadi kila spika, uandike kwenye menyu. Risiva itaichelewesha iliyo karibu ili zote zifike pamoja.

Maswali

*Msomaji wa Langoni: Asalaam aleikum fundi. Natumia waya wa optiko na risiva inaonyesha stereo kila filamu.*

Waaleikum salaam. Ingia mipangilio ya sauti ya TV. Utakuta PCM, yaani sauti ambayo TV imeshaifungua. Kwa waya huo PCM ni chaneli mbili tu. Badilisha iwe "Bitstream" au "Pass Through", ili TV ipitishe furushi bila kulifungua. Ni kosa lilelile la Mkomani.

*Mkomani: Dari yangu ni ya boriti. Nimeona spika zinazopiga sauti juu ili irudi chini kama Atmos. Ninunue?*

Usinunue, ndugu yangu. Zile zinataka dari bapa. Boriti zitaitawanya sauti kabla haijakufikia. Lakini boriti hizohizo ni neema: funga spika ndogo mbili darini, karibu na pale juu ya kiti, waya upite juu ya boriti usionekane.

*Shela: Filamu ya kwenye flashi ina picha, sauti hamna kabisa. Filamu nyingine zinalia vizuri.*

Huenda hiyo ina sauti ya DTS. Baadhi ya TV haziwezi kuifungua. Chomeka flashi kwenye kifaa kingine kinachoifungua, au tafuta nakala yenye Dolby.

*Langoni tena: Shukran, imekubali. Sasa maneno siyasikii, bomu likilipuka jirani anagonga ukuta. Mamangu amelala chumba cha pili.*

Pandisha spika ya kati desibeli 2 au 3, kisha tafuta hali ya usiku kwenye menyu. Inashusha makubwa na kupandisha madogo. Wufa iondoe kwenye ukuta wa jirani, uitie chini yake kipande cha godoro. Na baada ya saa nne usiku, izime tu.