Kazi ya mezani msimu wa baridi: pasha mwili kwanza, chumba baadaye

Mtu mzima aliyekaa anachapa hutoa joto la takriban wati 100. Akiamka na kutembea kwa haraka, mwili huzalisha zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndiyo maana chumba ambacho hakimsumbui kabisa anayedeki au kupanga vitu kinamgandisha anayekaa kimya mbele ya kompyuta saa tatu mfululizo. Wengi hukimbilia kuongeza hita, na hapo ndipo bili inapopanda bila sababu.

Tazama hesabu. Hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa 8 inakula uniti 16 za umeme. Blanketi la umeme la kujifunika, la wati 100, likiwaka muda uleule halifiki hata uniti moja: ni 0.8. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya kujaza mfuko wa maji moto ni chini ya uniti 0.2. Hita inapasha dari, kuta na hewa inayotoroka chini ya mlango, wakati anayehitaji joto ni mmoja tu, tena hatoki kitini.

Anza na mahali pa meza

Hili halina gharama, kwa hiyo lifanye kabla ya kununua chochote. Weka kiganja sentimita 10 kutoka kwenye kioo cha dirisha, kisha umbali huohuo kutoka kwenye ukuta wa ndani, ule unaotenganisha vyumba viwili. Tofauti utakayoisikia ndiyo inayokunyonya siku nzima. Mwili hurusha joto kuelekea kitu chochote cha baridi kilicho karibu nao hata kama hakuna upepo. Zaidi ya hapo, hewa inayogusa kioo hupoa, huwa nzito na kuteremka moja kwa moja hadi miguuni. Hamishia meza kwenye ukuta wa ndani, mbali na mstari wa kati ya mlango na dirisha. Kama ni lazima ukae dirishani kwa ajili ya mwanga, ning'iniza blanketi au pazia zito kuanzia kimo cha meza hadi sakafuni: mwanga utapita juu, baridi itazuiwa chini.

Chumba kidogo ni bora kuliko sebule. Funga milango ya vyumba visivyotumika, ila usiviache vipoe kupita kiasi. Unyevu wa nyumba nzima utakwenda kutulia kwenye kuta zake na kuvu itaota.

Miguu: hapa ndipo penye faida kubwa

Sakafu ya zege au vigae hunyonya joto la nyayo kwa kugusana, na soksi nene peke yake haishindi. Tandika katoni zenye mawimbi ndani, tabaka mbili au tatu, kisha zulia au blanketi kuukuu juu yake. Hewa iliyonaswa ndani ya katoni ndiyo inayofanya kazi, kwa hiyo zikishalala bapa, zibadilishe.

Ukitaka joto la kweli, tengeneza boksi la miguu. Tafuta boksi gumu linalotosha miguu yote miwili bila kubanana, upana kama sentimita 40 na kimo kama 30. Ukate upande mmoja wote ili miguu iingie kwa kuteleza. Bandika tabaka la pili la katoni chini na pembeni, weka blanketi lililokunjwa kama godoro, kisha uweke mfuko wa maji moto nyuma kabisa, pale vidole vitakapofikia. Sasa jifunike blanketi kiunoni na uache ncha yake ianguke mbele ya uwazi wa boksi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na bila pazia hilo hewa ya moto hupanda na kutoka, boksi likabaki na uvuguvugu wa dakika 20 tu. Likifunikwa vizuri, mfuko mmoja unaweza kukupeleka saa mbili na zaidi.

Usivae soksi mbili ndani ya kiatu kilekile kinachobana. Mbano hupunguza damu na kuminya hewa yote kati ya nyuzi, na miguu inazidi kupoa. Soksi moja ya sufu iliyolegea ndani ya kandambili kubwa zenye manyoya inashinda. Na kwa kuwa nyayo hutoka jasho hata wakati wa baridi, badilisha soksi mchana. Zenye unyevu hupoza haraka.

Vidole vikiganda, ongeza nguo kifuani

Hapa wengi hukosea. Mwili ukihisi kwamba kiwiliwili kinapoa, hubana mishipa ya mikono na miguu ili kulinda moyo, ini na ubongo. Glavu hazizalishi joto. Huhifadhi lililoletwa na damu, na kama damu haiji, hakuna cha kuhifadhi. Kizibao kisicho na mikono, kilichojazwa manyoya au pamba bandia, kinasaidia vidole kuliko glavu, tena hakizuii mikono kufanya kazi.

Mpangilio ni huu: ndani kabisa fulana ya kushika mwili ya sufu au polista, maana pamba ikishika jasho hukaa nalo, katikati sweta iliyolegea, juu kizibao. Suruali ya ndani ya kubana chini ya suruali ya kawaida ni ya lazima, kwa sababu mapaja ya mtu aliyekaa hayafanyi kazi yoyote. Shingo ifungwe shali. Vaa vyote unapoanza kazi, usingoje kutetemeka. Mishipa ikishabana, itachukua muda mrefu kufunguka hata ukijifunika.

Baada ya hapo ndipo mikono: glavu zisizo na ncha za vidole, au soksi ya zamani iliyokatwa ikavaliwa kama bangili pana kwenye kifundo cha mkono, ambako damu hupita karibu na ngozi. Mkono wa kipanya hupoa kuliko mwingine kwa kuwa umetulia juu ya meza. Weka kitambaa kinene chini yake.

Kiti cha wavu, kinachosifiwa sana wakati wa joto, hupitisha baridi mgongoni moja kwa moja. Kunja blanketi mara mbili juu ya egemeo na liache lishuke hadi chini ya kiti.

Mfuko wa maji moto na blanketi la umeme

Chemsha maji, yaache dakika chache, kisha jaza mfuko theluthi mbili. Uegemeze mezani na uminye taratibu mpaka maji yafike shingoni, ili hewa itoke. Hewa iliyobaki huongeza hatari ya kupasuka na kupoza maji mapema. Funga, upindue juu ya sinki uangalie kama unavuja. Uvishe kitambaa kila mara. Mahali pazuri ni kwenye mapaja karibu na kinena, ambako mishipa mikubwa iko karibu na ngozi, au kiunoni nyuma. Uusogeze kila baada ya muda: joto la wastani likikaa sehemu moja kila siku huacha ngozi na madoa mekundu ya kahawia yenye umbo la wavu, hata bila kuungua. Mwenye kisukari kilichopunguza hisia za miguu asiweke mfuko miguuni. Mpira ukianza kuwa mgumu au kuonyesha nyufa, tupa.

Blanketi la umeme la kulalia si la kujifunika. La kulalia limetengenezwa likae bapa. Ukilikunja au kulikalia kitini, nyaya za ndani huvunjika na mahali pamoja panaweza kuwaka. Nunua lile lililoandikwa kuwa ni la kujifunika, na lisitumike pamoja na mfuko wa maji.

Hata ukiwa umejifunika hivi, simama kila dakika 30 au 40. Kuchuchumaa na kuinuka mara 20 kunawasha misuli ya mapaja, ambayo ni miongoni mwa mikubwa zaidi mwilini, na ujoto wake unabaki nawe muda mzuri baada ya kukaa.

Ukilazimika kuwasha hita

Usinunue kwa sababu umeambiwa aina fulani inakula umeme kidogo na kutoa joto jingi. Hita zote za umeme, ziwe za koili, za feni au zilizojazwa mafuta ndani, hugeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto, basi. Kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha ndicho tofauti, kwa sababu huhamisha joto kutoka nje, na kinaweza kutoa mara tatu hivi ya umeme kinaotumia. Kwa mtu mmoja mezani, hita ya mionzi (inayompasha mtu aliye mbele yake kabla ya hewa) ya wati 400 inayokuelekea ubavuni inatosha. Iwe mbali na nguo na makaratasi kwa mita moja. Hita kubwa ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni: wati 2,000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9, na waya mwembamba uliokunjwa chini ya zulia huyeyuka kimyakimya.

Upepo uzibwe kabla. Washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kwenye kingo za dirisha na mlango, mbali na pazia. Moshi ukipinda, hapo pana upenyo. Fremu zibandikwe ukanda wa sponji wenye gundi, baada ya kupangusa vumbi na mafuta, la sivyo unabanduka. Chini ya mlango weka mguu wa suruali uliojazwa matambara na kushonwa ncha zote mbili. Matundu ya hewa ya chumba chenye jiko la gesi au kuni yasizibwe kamwe.

Kila siku fungua dirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, kisha funga. Joto jingi liko kwenye kuta na samani, hivyo chumba kitarudi haraka, na unyevu utakuwa umetoka. Kuliacha dirisha na ufa mdogo kutwa nzima hupoza kuta zenyewe.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata kama makaa yameshashika na hayatoi moshi. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu husinzia akiwa mezani asiamke.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyuzi 18 za selsiasi kama kiwango salama cha chini ndani ya nyumba kwa watu kwa ujumla wakati wa baridi. Mzee, mtoto mchanga au mgonjwa wa mapafu au moyo anahitaji zaidi ya hapo. Akiwepo mtu wa namna hiyo chumbani, weka kipimajoto ukutani na upashe chumba chenyewe.