Somo: Kuhamisha SSH kutoka poti 22 bila kujifungia nje

Fungua `/var/log/auth.log` kwenye seva yoyote ya Ubuntu yenye anwani ya wazi, utakuta "Failed password for root" imejipanga usiku kucha. Ni programu zinazozunguka intaneti zikibisha hodi poti 22 (poti ni namba ya mlango wa seva), ambayo Tatu Ylönen aliiomba mwaka 1995 kwa ajili ya SSH, programu yake ya kuingia seva kwa mbali, katikati ya FTP (21) na telnet (23).

Ukihama, hodi nyingi zitakoma. Lakini mlango kuhamishwa si kufungwa: anayekutafuta wewe hasa atapapasa poti zote mpaka akupate. Kwa hiyo weka kwanza ufunguo wa SSH (faili la kuingilia badala ya nywila) na `PasswordAuthentication no` inayozima nywila, ndipo uje hapa.

Natumia Ubuntu. Terminali uliyoingilia USIIFUNGE hadi mwisho. Niliwahi kuifunga mapema, kumbe poti mpya sijairuhusu kwenye fayawoli (kinga inayoamua poti zipi zipitike). Nilihangaika na konsoli ya mtoa huduma huku mteja anapiga simu, na sitaki yakukute.

1. Chagua namba kati ya 1024 na 32767. Kuanzia 32768 Linux huzigawa yenyewe kwa mawasiliano ya muda. Epuka 2222, wabishaji wanaijua. Mfano wangu ni 22941. `sudo ss -tlnp` itakuonyesha kama ina mtu.

2. Fayawoli kwanza, ambayo kwenye Ubuntu ni ufw: `sudo ufw allow 22941/tcp`. Kama mtoa huduma ana fayawoli yake kwenye paneli, ruhusu na huko.

3. Ndani ya `/etc/ssh/sshd_config` weka mistari yote miwili:
```
Port 22
Port 22941
```

4. `sudo sshd -t`. Ikikaa kimya, faili liko sawa. Kisha `sudo systemctl restart ssh`. Kwenye Ubuntu 24.04 ni `sudo systemctl daemon-reload`, halafu `sudo systemctl restart ssh.socket`.

5. Fungua terminali ya PILI: `ssh -p 22941 jina@anwani`. Umeingia? Sasa futa `Port 22`, rudia hatua ya 4, jaribu tena, kisha ondoa ruhusa ya 22 kwenye ufw.

Maswali ya wanachama

Mkuu, ssh inaingia ila scp (ya kunakili faili) inagoma na -p ileile.
Kwenye scp ni `-P` kubwa, ndugu. Ndogo kazi yake ni kutunza tarehe za faili.

Niko AlmaLinux, sshd haiwaki kabisa baada ya kubadili.
Hiyo ni SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux unaoizuia sshd kutumia poti usiyoijua. Itambulishe poti: `sudo semanage port -a -t ssh_port_t -p tcp 22941`, kisha washa tena. Fayawoli huko ni firewalld, usiisahau.

Kuandika -p kila siku kunachosha, hakuna njia ya mkato?
Ipo dada, kwenye `~/.ssh/config` ya kompyuta yako:
```
Host duka
  HostName anwani-ya-seva
  User jina
  Port 22941
```
Kisha `ssh duka` tu. Hata scp na git zitaisoma.

Na fail2ban, ile inayowafungia wanaokosea nywila mara nyingi?
Bado inawafungia kwenye 22 tu. Kwenye `jail.local`, chini ya `[sshd]`, andika `port = 22941`, kisha uiwashe upya.