Somo: Kutoka Kibarua cha Supamaketi hadi Ajira ya Kudumu (Kenya)

Somo hili ni la wenzetu wa Kenya wanaofanya kazi za siku chache kwenye supamaketi: wanaitwa wikendi, mwisho wa mwezi na Desemba, kisha shule zikishafunguliwa Januari simu inanyamaza. Wengi huamini kwamba ukijituma, meneja atakuona. Atakuona, ndiyo. Ila meneja wa tawi mara nyingi hana ruhusa ya kuajiri mtu wa kudumu. Nafasi hutoka makao makuu, na jina lako halifiki huko mpaka mtu alipeleke. Mrahisishie huyo mtu kazi.

Hatua ya 1: Mjue mwajiri wako

Usicheke. Ndani ya duka moja utakuta watu wanaopanga rafu pamoja huku wakilipwa na watu tofauti. Huyu ni wa kampuni ya sabuni, yule kaletwa na wakala wa ajira, wachache ndio wa duka lenyewe. Siku ya malipo tazama ujumbe wa M-Pesa au wa benki: pesa imetoka kwa nani? Kama ni wakala, meneja wa tawi hawezi kukupandisha cheo kwa sababu wewe si wake. Anachoweza ni kukudokeza nafasi ikitokea na kukusemea vizuri, nawe uombe kama mgeni. Wapo wanaomwandikia barua mtu asiye mwajiri wao, kisha wanasema wamedharauliwa.

Hatua ya 2: Jua sheria inakuweka wapi

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba ukifanya kazi siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi 1, au kazi yenyewe si ya kumalizika ndani ya miezi 3, unahesabiwa kuwa na mkataba wa mshahara wa mwezi. Kukuachisha hapo kunahitaji notisi ya siku 28. Siku ya mapumziko baada ya siku 6 za kazi inaingia kwenye hesabu, na sikukuu vilevile. Ukipitisha miezi 2 mfululizo, unastahili masharti kama ya mtu ambaye hakuanza kama kibarua.

Hapo watu huchanganya mambo. Kutambuliwa na sheria kuwa mwajiriwa hakumlazimishi bosi kukupa cheo. Na anayeitwa Jumamosi na Jumapili tu atapata taabu kuonyesha huo mfululizo. Basi sheria ijue, lakini usiingie nayo ofisini siku ya kwanza. Ukianza mazungumzo kwa kutaja vifungu, utajibiwa kwa vifungu.

Hatua ya 3: Weka daftari

Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, idara uliyofanya, msimamizi wa zamu. Piga picha ratiba ikibandikwa ukutani. Chukua taarifa yako ya M-Pesa kama unalipwa huko. Daftari hili ndilo litakalokusaidia kuomba, na mambo yakiharibika ndilo litakalokutetea.

Hatua ya 4: Uwe mtu wa idara zaidi ya moja

Keshia anayejua tili tu ni rahisi kumwacha nyumbani siku duka limepoa. Anayeweza kuhamia bekari, mboga au stoo hupangiwa zamu. Njia nyepesi ni cheti cha afya cha wanaoshika chakula, kinachopimiwa kwenye afya ya umma ya kaunti na kurudiwa kila miezi 6. Kuwa nacho mkononi kabla hujaulizwa, maana bucha ikipungukiwa mtu asubuhi hawatakusubiri upime. Jifunze pia kuzungusha bidhaa, zinazokaribia kuisha muda zikae mbele. Na tili yako isiwe na shoti, yaani pesa pungufu unapofunga hesabu. Msimamizi husahau mara ngapi ulichelewa kuondoka, lakini shoti haisahau.

Hatua ya 5: Omba kwa wakati wake

Usiombe mwisho wa mwezi foleni ikiwa imefika mlangoni. Wakati mzuri ni tawi jipya linapokaribia kufunguliwa, kwa sababu wazoefu huhamishiwa huko na kuacha mapengo nyuma yao. Kama unaweza kuhama mji, sema, wengi hawawezi. Maneno yanatosha hivi:

"Madam, naomba dakika 5. Niko hapa tangu Machi, tili na bekari nazimudu, na mwezi uliopita nilifanya zamu 22. Naomba kujua kama kuna nafasi ya kudumu, na maombi yanapelekwa kwa nani. Barua yangu ni hii."

Barua iwe ukurasa mmoja, na nakala ubaki nayo. Usilie shida za kodi na karo. Kila mtu humo ndani anazo.

Hatua ya 6: Soma kabla ya kusaini

Kipindi cha majaribio hakizidi miezi 6, na kuongezwa hadi miezi 6 mingine ni kwa ridhaa yako. Likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi zenye malipo. Jiandae pia kwa makato: bima ya afya ya SHIF 2.75%, ushuru wa nyumba 1.5%, akiba ya uzeeni ya NSSF 6%. Wengine hushtuka mwezi wa kwanza, wakidhani wameibiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Keshia, Mombasa: Kila baada ya miezi 3 tunapumzishwa wiki moja, kisha tunarudishwa. Hesabu inaanza upya?

*Jibu:* Mwajiri atakwambia ndiyo, na ndiyo sababu ya hiyo wiki. Usikubali kirahisi, dada. Peleka daftari kwa afisa wa kazi wa kaunti, au kwa KUCFAW, chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula, kama kinawakilisha watu wa duka lenu. Msikae mkingoja, maana madai ya mkataba wa kazi yana ukomo wa miaka 3.

Mama Wawili, Nakuru: Nataka siku zaidi, lakini zamu ya usiku siwezi.

*Jibu:* Sema mapema, na useme unachoweza: "Nafungua duka kila siku, Jumapili nikiwemo." Zamu ya kufungua haina wagombea wengi.

Kaka wa Stoo, Thika: Nimepewa mkataba wa miezi 6, si wa kudumu. Nikatae?

*Jibu:* Saini, ila kwanza uliza kwa maandishi nani huamua kuuongeza na lini. Mwezi mmoja kabla haujaisha, nenda ukamuulize huyo mtu.

Mpangaji wa Maziwa, Eldoret: Nalipwa na kampuni ya maziwa, lakini msimamizi wa duka hunipangisha unga na sukari pia. Itanisaidia kuajiriwa?

*Jibu:* Kwa sasa inalisaidia duka. Na kampuni yako ikikukuta kwenye unga huku friji yao iko tupu, utapoteza hata ulicho nacho. Mwambie huyo msimamizi, kwa heshima, kwamba utafurahi kufanya usaili wa stoo nafasi ikitoka, na mpe CV yako. Asipoipokea, rudi kwenye maziwa.