Kupiga kamofleji na eabrashi: mistari isiyo mikali

Kama unajenga modeli ya Spitfire (ndege ya kivita ya Uingereza) ya 1940, rangi za kamofleji, yaani za kuificha ndege, upande wa juu ni mbili, kahawia ya udongo na kijani iliyokolea. Anza na kahawia kwa sababu ndiyo nyepesi, piga sehemu yote ya juu na eabrashi (kifaa cha kupuliza rangi kwa hewa) alafu uiache hadi kesho yake, hapa usiharakishe kabisa, rangi mbichi inabanduka na tepu. Sasa chukua Blu-Tack (gundi laini kama udongo wa kufinyanga) uizungushe kwa viganja iwe kamba nyembamba, kama milimita 3 hivi, uilaze ukifuata mchoro wa kamofleji, alafu sehemu za kubaki kahawia uzijaze na masking tepu (tepu ya kuzuia rangi), lakini ibandike kwanza kwa mkono wako gundi ipungue.

Sasa piga kijani, na kazi yenyewe iko kwa pembe. Shika eabrashi wima, mstari utatoka na ukungu kidogo tu, ukiilaza ikielekea chini ya kamba rangi inapenya huko na ukungu unakuwa mpana, kwa modeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe) inakaa vibaya sana. Presha ya hewa karibu psi 15 (psi ni kipimo cha presha), koti nyepesi nyepesi.

Kwa joto letu la Kisumu Blu-Tack inalainika inashikana na rangi, so piga asubuhi na uitoe mara tu rangi ikishika. Mabaki yagusegushe na kipande kingine cha Blu-Tack, yanatoka.