Rangi inayobanduka chini ya ukuta: anza na maji, malizia na rangi

Ukuta ulipakwa mwaka jana tu, na sasa futi mbili kutoka sakafuni rangi imetuna, inamenyeka, na chini yake kuna unga mweupe. Wengi hukwangua, hununua ndoo nyingine na kupaka juu. Masika yakipita, hali ni ile ile. Kosa si la rangi. Maji yanapita ndani ya ukuta yakiwa yamebeba chumvi ya udongo, mchanga na saruji. Yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki. Chembe zake zikikua nyuma ya rangi, ndizo zinazoisukuma. Kwa hiyo hapa kazi ya kwanza ni maji, ya pili plasta, rangi inakuja mwisho.

Maelezo haya ni ya nyumba za tofali za saruji au za kuchoma. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu, usiipige plasta ya saruji hata kidogo. Chokaa huruhusu unyevu kutoka, saruji huufungia ndani, na maji yaliyokosa njia hupanda juu zaidi. Huko hutumika plasta ya chokaa na rangi ya chokaa.

Hatua ya 1: Tafuta maji yanakotoka

Tazama umbo la doa kabla ya kugusa kifaa chochote. Mstari unaokwenda sawa kwa ukuta mzima, juu kidogo ya sakafu, ni unyevu unaopanda kutoka msingini. Doa la mviringo lililo peke yake, hasa karibu na bafu au jiko, ni bomba. Doa chini ya dirisha ni maji ya mvua yanayoingia kwenye kizingiti. Doa lililoanzia juu limetoka kwenye paa au gata, na mwongozo huu haulihusu.

Ukishuku bomba, funga mabomba yote usiku, piga picha namba za mita ya maji, kisha piga tena baada ya saa mbili bila mtu kutumia maji. Namba zikisogea, kuna uvujaji, na hakuna rangi wala plasta itakayosaidia mpaka uzibwe. Ukuta unaopakana na bafu uangalie kwa upande wa pili: mistari kati ya vigae ikiwa imemong'onyoka, maji ya kuoga yanapita hapo kila siku.

Kisha fanya kipimo cha nailoni. Kwangua rangi kwenye eneo dogo, kata nailoni nzito inayoonyesha, sentimita 50 kwa 50, uibandike kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo. Iache saa 48. Matone yakiwa ndani, upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa nje, upande wa chumba, ni mvuke wa chumba unaoganda kwenye ukuta baridi, na dawa yake ni kufungua madirisha na kusogeza kabati mbali na ukuta. Ukiruka kipimo hiki unaweza kubomoa plasta nzima isiyo na kosa.

Hatua ya 2: Zuia maji upande wa nje

Toka nje ulinganishe usawa wa udongo na sakafu ya ndani. Udongo unatakiwa uwe chini ya sakafu kwa angalau sentimita 15. Nyumba nyingi zilijengwa vizuri, halafu miaka ikapita, kifusi, maua na zege la uani vikapandisha ardhi hadi ikapita usawa wa sakafu. Chimba uushushe. Bustani iliyobanana na ukuta na kumwagiliwa kila jioni iondoe, hata kama inapendeza.

Zungusha sakafu ya nje ya zege yenye upana wa sentimita 60, ukingo wake wa mbali uwe chini kwa sentimita 1.5 hadi 2 ili maji yakimbie ukuta. Kama nyumba haina gata, maji ya bati yanadondoka hapo hapo msingini. Gata upande mmoja tu, ule wenye ukuta mbovu, ni bora kuliko ndoo tatu za rangi ya bei ghali.

Kama msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, kutoka ndani ya chumba hutaumaliza kabisa, utaupunguza. Kuna dawa ya silikoni inayosukumwa ndani ya matundu yaliyotobolewa chini ya ukuta. Hiyo mwachie fundi aliyewahi kuifanya.

Hatua ya 3: Vifaa

Huhitaji mashine. Nunua skrepa yenye ubapa mgumu wa inchi 3, kwani ile laini ya kupakia puti (uji laini wa kusawazisha ukuta kabla ya rangi) hujikunja kwenye rangi ngumu. Nunua pia brashi ya waya, tindo bapa la inchi 1 na nyundo ya kilo 1. Nyundo nzito kuliko hiyo hupasua tofali. Kwa plasta unahitaji mwiko, ubao wa kusawazishia wa mita 1.5 ulionyooka na pima maji (kifaa chenye kiputo cha kuonyesha usawa). Hivi viwili vya mwisho azima, kwa sababu utavitumia siku moja. Ukinunua ubao, uangalie kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha: mbao nyingi dukani zimepinda.

Pesa iweke kwenye rola na brashi. Rola ya bei ya chini huacha nyuzi ukutani na hunyonya rangi bila kuitoa. Angalia urefu wa manyoya: milimita 6 kwa ukuta uliopigwa puti laini, milimita 10 hadi 12 kwa plasta ya kawaida yenye chembe. Manyoya marefu kwenye ukuta laini yataacha vipele. Brashi ya pembeni iwe ya inchi 2 au 2.5, yenye nyuzi za plastiki kwa rangi ya maji. Nyuzi za asili hulegea zikinywa maji. Ivute nyuzi kwa vidole kabla ya kulipa. Zikitoka zaidi ya mbili tatu, irudishe.

Miwani, barakoa na glavu si hiari. Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usizisugue kwa msasa mkavu. Lowesha unapokwangua, na watoto wasiwepo chumbani.

Hatua ya 4: Bomoa palipooza

Zima umeme kwenye swichi kuu kama kuna soketi katika eneo hilo. Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo ukisikiliza: sauti nene ni plasta iliyoshika, sauti ya uwazi ni plasta iliyoachia. Bomoa hadi sentimita 50 juu ya doa la juu kabisa, maana chumvi imeshapanda kuliko inavyoonekana. Tindo lielekee kwa mshazari, lisipigwe wima kwenye tofali.

Chumvi iliyo kwenye tofali isugue kwa brashi ya waya, kavu, uikusanye na kuitupa nje ya nyumba. Usiioshe kwa maji: maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Isugue tena baada ya wiki, na tena, mpaka isitoke mpya.

Kama kuna fangasi nyeusi kwenye sehemu isiyobomolewa, changanya dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini sehemu moja kwa maji sehemu nne, paka, acha dakika 15, kisha futa. Madirisha yawe wazi. Isikutane kamwe na dawa ya choo yenye tindikali wala yenye amonia, kwani hutoa gesi ya sumu.

Sasa acha ukuta ukauke. Hapa ndipo wengi hushindwa. Tofali lililolowa miaka miwili halikauki kwa siku tatu. Hesabu wiki kadhaa, ndiyo maana kazi hii hupangwa Januari na Februari au kati ya Juni na Septemba, si Aprili. Rudia kipimo cha nailoni. Matone yakiendelea kuwa mengi, rudi nje ukatafute ulichokiacha.

Hatua ya 5: Plasta

Mchanga uwe wa mto. Wa bahari una chumvi ile ile uliyotoka kuisugua. Kupima uchafu, jaza chupa inayoonyesha nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, uache hadi kesho. Tope lililokaa juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au ubadilishe.

Lowesha tofali kidogo, kisha rusha uji mzito wa saruji 1 kwa mchanga 2 ukutani kwa mwiko ili uso uwe na makwaruzo. Acha saa 24. Plasta yenyewe changanya saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Mafundi wengi watasisitiza saruji tupu na mchanga 3 kwa kuwa ni ngumu, lakini ugumu huo ndio unaopasuka na kufungia unyevu. Chokaa hulainisha mchanganyiko na kuacha ukuta utoe mvuke.

Kwa eneo la mita 4 kwa mita 1, unene wa milimita 15, unahitaji ndoo tatu za lita 20 za mchanga, nusu ndoo ya saruji (kama kilo 14) na nusu ndoo ya chokaa. Ukijumlisha uji wa kurusha na unaomwagika, nunua kilo 20 za saruji ya kupima. Hakuna haja ya mfuko mzima. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja. Kilichoanza kukaza usikiongezee maji, kitakuwa unga.

Plasta isiguse sakafu. Acha nafasi ya sentimita 1 hadi 2 chini, ili maji ya kudeki yasinyonywe kwenda juu. Nafasi hiyo itafunikwa na kipande cha mbao au kigae cha pembeni. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha acha ikauke. Kabla ya siku 28 usipake rangi.

Kuhusu wanaofunika ukuta mbovu kwa vigae hadi mita moja: unyevu hausimami, unapita nyuma ya vigae na kutokea juu yake. Utakuwa na tatizo lile lile kwenye usawa wa macho.

Hatua ya 6: Puti na praima

Puti iwe ya saruji nyeupe, si ya jipsamu. Jipsamu ni nzuri darini na kwenye ukuta mkavu, lakini ikipata unyevu hulainika na kubanduka vipande. Piga mikono (tabaka) miwili myembamba, kila mmoja usizidi milimita 1.5, wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Sugua kwa msasa namba 120, halafu 180, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Pitisha kiganja: kikibaki cheupe, vumbi bado lipo, na rangi itashika vumbi badala ya ukuta.

Praima, yaani rangi ya kwanza inayotangulia rangi yenyewe, iwe ya kustahimili alkali, ya maji. Plasta mpya ina alkali, na alkali hugeuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni. Ndiyo sababu ule mtindo wa kupaka nusu ya chini rangi ya mafuta ili ifutike huanza kutuna mapema. Unataka inayofutika? Nunua rangi ya maji ya silki, ile yenye mng'ao kidogo.

Hatua ya 7: Rangi

Hesabu kabla ya kwenda dukani. Chumba cha mita 3 kwa 4, kimo 2.7: mzunguko ni mita 14, mara 2.7 ni mita za mraba 37.8. Toa mlango na dirisha, kama 3.7, zinabaki 34. Lita moja hufunika karibu mita za mraba 10, basi mikono miwili ni lita 6.8. Nunua makopo mawili ya lita 4, yote yenye namba ile ile ya utengenezaji, uyachanganye kwenye ndoo moja ili rangi isitofautiane. Praima ni kopo moja.

Osha rola mpya kwa maji ya sabuni na uikaushe ili nyuzi zilizolegea zitoke. Mkono wa kwanza ongeza maji asilimia 10, wa pili usiongeze au weka kidogo sana. Kupunguza mno kwa ajili ya kubana matumizi ndiko kunakoleta mawingumawingu. Kata pembe, yaani paka kingo na kona kwa brashi, eneo la mita moja, halafu pitisha rola hapo hapo kabla pembe hazijakauka. Ukizunguka chumba kizima kwa brashi kwanza, utaona fremu kila kona. Anza juu ushuke, na usipumzike katikati ya ukuta. Kati ya mikono acha saa 4, na kama hewa ni nzito ya pwani, subiri kesho.

Rola ikisubiri mkono wa pili, ifunge kwenye nailoni isiyopitisha hewa, haina haja ya kuoshwa. Kama ulibandika tepu ya karatasi kukinga kingo, ibandue kwa mshazari wakati rangi bado mbichi kidogo. Rangi ikikauka kabisa, tepu hunyofoa ukingo. Rangi iliyobaki imimine kwenye chombo kidogo kinachojaa hadi juu, maana hewa ndiyo inayofanya ngozi, uandike namba ya rangi, chumba na tarehe kwa kalamu isiyofutika.