Kuongeza Uzito kwenye Magurudumu ya Trekta Dogo: Bamba la Chuma, Zege au Maji

Trekta dogo la HP 15 au 20 likishindwa kuvuta plau kwenye kichanga cha Pangani, au kwenye udongo mwekundu wa Muheza uliolowa, mara nyingi injini haina kosa. Sikiliza mlio wake. Kama hauzami, na gurudumu la nyuma linazunguka palepale na kuchimba shimo, nguvu ipo ila haifiki ardhini. Hapo uzito utasaidia. Lakini injini ikizama na kutaka kuzimika huku magurudumu yameshika vizuri, usihangaike na vyuma. Punguza kina cha plau au teremsha gia.

Kabla ya kununua chochote, chuchumaa uangalie tairi. Ubavuni kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka trekta likienda mbele. Matrekta ya mtumba yanayoshuka bandarini mara kwa mara yanakuwa yamefunguliwa magurudumu na kurudishwa kinyume, na tairi la namna hiyo halishiki hata ulibebeshe nini. Angalia na upepo. Tairi la nyuma la trekta dogo linafanya kazi kwenye psi 10 hadi 14 hivi (kiwango cha juu kimeandikwa ubavuni), ila fundi pancha aliyezoea pikapu na bajaji atakujazia 30 bila kuuliza. Tairi gumu hivyo linakanyaga kwa mstari mwembamba wa katikati tu. Kulipunguza upepo ni bure, na wakati mwingine tatizo linaishia hapo.

Pima mtelezo kwanza

Gurudumu linalovuta ni lazima liteleze kidogo. Kwenye shamba kavu lililoshikana, mtelezo wa asilimia 8 hadi 15 ni wa kawaida, na kwenye kichanga kilicholegea unaweza kuvumilia hadi 20. Ukizidi hapo unachoma mafuta na kusaga tairi. Ukishuka chini ya 5 trekta limekuwa zito kupita kiasi, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu tutakazoziona.

Kupima kunataka chaki, vijiti viwili na futi kamba. Chora alama kwenye tairi la nyuma. Inua plau, endesha gurudumu lizunguke mara 10 kamili, kisha pima umbali. Rudia shambani hapohapo, gia ileile, plau ikiwa ardhini inavuta. Toa umbali wa pili kwenye wa kwanza, gawa kwa ule wa kwanza, zidisha kwa 100. Tuseme bila mzigo trekta lilikwenda mita 17.5, na likivuta likaenda mita 13. Tofauti ni mita 4.5, yaani mtelezo wa karibu asilimia 26. Hilo linahitaji uzito. Andika namba hizo mahali, kwa sababu utarudia kipimo kila ukiongeza chuma.

Usitarajie miujiza. Kwenye udongo uliolimwa na ukiwa mkavu, kila kilo 10 unazoongeza juu ya tairi zinakupa nguvu ya kuvuta ya kilo 4 au 5 hivi, na kwenye mchanga mkavu ni chini ya hapo. Kwa trekta lenye ringi za inchi 12, anza na kilo 20 kila upande, pima, kisha ongeza kwa kilo 5 au 10 kama bado linateleza. Pande zote mbili ziwe sawa. Na jumla ya uzito unaokaa juu ya kila tairi usipite mzigo ulioandikwa ubavuni mwake.

Kwa nini ufunge kwenye gurudumu na si kurundika magunia ya mchanga juu ya mkia wa trekta? Kwa sababu uzito uliofungwa kwenye gurudumu hauibebeshi ekseli wala beringi. Unashuka moja kwa moja kwenye tairi. Magunia yanaelemea ekseli yote, na yakiwa nyuma sana yanainua pua ya trekta.

Bamba la chuma

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote, hasa kwa shamba la michungwa ambako trekta linapita kwenye nafasi finyu. Duara la bamba la mm 12 lenye upana wa sm 26 lina uzito wa kilo 5, kwa hiyo manne yakipangwa yanafika kilo 20 na hayazidi unene wa sm 5. Ukilazimika kutoboa katikati tundu la sm 10 kupisha kitovu cha gurudumu, kila duara linapungua robo tatu ya kilo. Mafundi wa gesi wa Ngamiani, mjini Tanga, wanakata maduara haya kutoka kwenye vipande vya chuma chakavu, ila nenda na kipimo chako, usiwaachie wakadirie.

Kipimo kinatengenezwa kwa boksi gumu. Liweke upande wa nje wa gurudumu, chora ndani ya ringi, kisha punguza mm 10 kuzunguka pande zote. Kata pengo kwenye valvu, kubwa kiasi cha kupitisha mdomo wa pampu, la sivyo utafungua vyuma vyote kila ukitaka kujaza upepo. Pima pia kina, kuanzia sahani ya gurudumu hadi usawa wa ubavu wa tairi. Kama kina ni sm 7, rundo la sm 5 linajificha ndani na halitagusa shina la mti.

Baadhi ya magurudumu yana matundu ya ziada kwenye sahani yaliyotobolewa kiwandani kwa kazi hii. Kama yapo, yatumie. Kama hayapo, toboa manne kwa biti ya mm 13, yakitazamana, na kila tundu liwe mbali na ukingo au mshono wa welding kwa sm 2.5 au zaidi. Toboa sahani ya katikati tu. Bakuli la ringi linalokalia tairi usiliguse. Na usitundike vyuma kwenye nati zinazoshikilia gurudumu lenyewe: zikilegea utapoteza gurudumu zima, si kipande cha chuma.

Hapa kuna jambo la kutofanyia mzaha. Usichomelee chochote kwenye ringi yenye tairi, hata upepo ukiwa umetolewa. Joto linazalisha gesi ndani ya tairi, na tairi hupasuka kwa nguvu ya kuua. Fundi akikwambia "nitagusa kidogo tu", chukua gurudumu lako uondoke.

Bolti ziwe M12 (unene wa mm 12) za daraja la ugumu 8.8, namba hiyo imegongwa kichwani. Bolti isiyo na namba iache dukani. Urefu unahesabiwa hivi: vyuma mm 48, sahani ya gurudumu mm 4, washa mbili mm 5, nati mm 12, na nyuzi chache za kutokeza mm 5. Jumla ni mm 74, basi nunua za mm 80. Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani.

Wakati wa kufunga, egesha trekta pasipo mteremko, weka kabari magurudumu ya mbele, piga jeki, na egemeza ekseli juu ya gogo au stendi. Ingiza bolti kutoka ndani kwenda nje ili nati ibaki nje. Utaweza kukaza tena bila kutoa gurudumu. Ingiza duara mojamoja. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima ukiangalia kama kichwa cha bolti kinagusa breki, nyumba ya ekseli au madigadi. Kama kinakwangua hata kidogo, geuza bolti. Mwisho kaza kwa zamu za msalaba, si kwa kuzunguka duara. Kwa spana ya sm 25, vuta kwa nguvu inayokaribia ya kuinua kilo 30.

Kinacholegeza bolti hizi mara nyingi ni rangi. Tabaka nene la rangi chini ya washa linabonyea kazini, ukazaji unapotea, na baada ya siku mbili vyuma vinagongana kama sufuria. Sugua rangi mahali pa washa hadi chuma kionekane, kaza, halafu paka rangi juu yake. Kaza tena baada ya saa moja ya kazi, tena jioni, kisha kila wiki.

Zege

Zege ni rahisi mfukoni lakini linakula nafasi. Duara la sm 26 lenye unene wa sm 10 linatoa kilo 12 au 13 tu. Ukichanganya vipande vya nondo na nati chakavu vifikie robo ya ujazo, duara hilohilo linafika karibu kilo 19.

Kwa maduara mawili pima kopo moja la lita 3 la saruji, mawili ya mchanga, matatu ya kokoto, na maji yasiyozidi lita 2 na kidogo. Kalibu ni pete iliyokatwa kwenye pipa au kitako cha ndoo, ipakwe oili chafu. Simamisha vipande vinne vya bomba la plastiki mahali pa bolti, laza duara la nondo ya mm 8 katikati, jaza, gongagonga pembeni hadi mapovu yaishe. Funika kwa gunia bichi siku 7, ukilimwagia maji asubuhi na jioni. Ukilifunga siku ya tatu kwa haraka ya masika, litapasuka kwenye matundu.

Pwani yetu ina mitego miwili kwenye zege. Mchanga wa ufukweni una chumvi, nayo inakula nondo kutoka ndani hadi zege linabanduka. Tumia mchanga wa mto au wa machimbo. Na kokoto za matumbawe ni nyepesi na zinanyonya maji, wakati wewe unatafuta uzito. Tafuta kokoto ngumu. Nati isikalie zege moja kwa moja. Weka kipande cha bamba cha sm 5 kwa 5, unene mm 5, chini ya kila nati.

Maji ndani ya tairi

Kwenye nchi za baridi wanatia maji yenye kloridi ya kalisi ili yasigande. Huku hakuna kuganda, kwa hiyo maji matupu ya bomba yanatosha. Maji ya bahari usijaribu, hata kama shamba liko hatua chache kutoka ufukweni: yakivuja yanaitafuna ringi. Na tairi lisilo na tyubu lisitiwe maji kabisa kama ringi imeanza kutu ndani.

Piga jeki, zungusha gurudumu valvu iwe juu kabisa, toa kisindano cha valvu, ingiza maji kwa mpira mwembamba, na kila mara pumzisha ili hewa itoke. Maji yakifika usawa wa valvu, karibu robo tatu ya tairi, acha. Robo inayobaki ni ya hewa. Ukijaza tairi lote linakuwa gumu kama gogo na kila kishindo kinakwenda kwenye ekseli. Tairi la 23x10.50-12 linachukua lita 30 hivi, yaani kilo hizohizo. Rudisha kisindano, jaza upepo, na upime valvu ikiwa juu. Andika MAJI ubavuni kwa rangi, fundi pancha atakushukuru.

Ubaya wake ni kwamba uzito huu hautoki kirahisi. Anayelima wiki mbili na kuvuta tela miezi iliyobaki afunge vyuma.

Yanayoharibika

Mtelezo ni fyuzi ya trekta. Plau ikinasa kwenye kisiki, gurudumu linateleza na gia inapona. Ukiongeza uzito hadi gurudumu haliwezi kuteleza tena, mshtuko ule unakwenda kwenye gia boksi, difu na ekseli, na kinachokatika ni meno ya gia. Trekta linaloendeshwa kwa gia boksi ya haidroliki huanza kuonyesha kwa oili kuwa moto na kupoteza nguvu mchana. Ukiona hivyo punguza kilo, hata kama linavuta vizuri.

Pua ikiwa nyepesi, ukikata usukani trekta linakwenda moja kwa moja. Ekseli ya mbele ibaki na angalau asilimia 20 ya uzito wote. Kilo 15 hadi 20 zilizofungwa mbele ya radieta kwa kawaida zinatosha. Kwa wale wa Lushoto na Amani, vyuma vya magurudumu havihalalishi kukata nyasi kwenye mteremko mkali. Mteremko ukipanda zaidi ya sm 27 kwa kila mita moja, usiufanyie kazi kwa trekta kabisa.

Kwenye majaruba ya mpunga kama ya Mombo, vua vyuma vyote. Katika tope uzito unazamisha tairi. Pale panatakiwa magurudumu ya chuma ya kizimba.

Vyuma visivyotumika vioshe kwa maji baridi, vipake rangi ya kuzuia kutu, bolti zichovye kwenye grisi, na uvilaze juu ya mbao. Vikilala chini kwenye sakafu ya banda la pwani, msimu wa vuli utavikuta vimeshikana na kuhitaji nyundo kuviachanisha.