Kusoma The Time Machine Ukiwa na Penseli Mkononi

Riwaya hii ya H. G. Wells, iliyotoka London mwaka 1895, ni mlango mzuri wa kuingilia hadithi za kale za kubuni za kisayansi, kwa kuwa ni fupi: maneno kama 32,000. Anayesoma Kiingereza bila haraka huimaliza kwa saa nne au tano. Igawe katika vikao vitatu visivyoachana kwa zaidi ya siku mbili, maana hoja zake hujengana. Nakala ya bure ipo Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Matoleo mengine yana sura 12, mengine 16, kwa hiyo mkisoma kwa kikundi tajeni tukio, si namba ya sura, la sivyo mtapishana.

Fungua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika "Alichoona", kulia "Alichokisia". Hii ndiyo kazi yenyewe. Msafiri, mhusika mkuu anayesafiri katika wakati kwa mashine yake, akifika mwaka 802,701 anawakuta Eloi, watu wadogo, wapole, wanaokula matunda na kulala pamoja katika majumba yaliyochakaa. Akiwa kilimani jua likizama, anakisia kwamba binadamu walishinda kila taabu, kisha raha ikawalegeza. Baadaye anamwona Morlock, kiumbe aishiye chini ya ardhi, akishuka kisimani, na makisio yanageuka: matajiri walibaki juu, wafanyakazi wakasukumwa chini ya ardhi hadi wakawa viumbe wa aina mbili. Kisha anashuka mwenyewe na kuona nyama mezani, na baadaye anakisia kwamba Morlock huwala Eloi. Makisio mapya yakija, usifute ya zamani. Chora mshale, uandike ni kitu gani hasa alichokiona kikayavunja ya mwanzo.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanayashika makisio ya kwanza au ya pili na kuyaita ujumbe wa mwandishi. Msafiri mwenyewe anakiri kwamba maelezo yake ya awali yalikuwa mepesi na yenye kushawishi, kama zilivyo nadharia nyingi zisizo sahihi. Hata yale ya mwisho anayatoa kama makisio tu.

Mazungumzo ya mwanzo kuhusu wakati kama kipimo cha nne huwachosha wasomaji, nao huyaruka. Usiyaruke. Yasome mara mbili, kwanza kwa kasi, kisha taratibu. Hoja ni kwamba kitu chenye urefu, upana na kimo, lakini kisichodumu hata nukta moja, hakiwezi kuwapo. Mweleze hivyo kwa Kiswahili mtu ambaye hajakisoma kitabu, kwa sentensi tatu. Ukikwama, rudi ukasome tena.

Karibu na mwisho, zaidi ya miaka milioni 30 mbele, jua ni kubwa, jekundu, limefifia juu ya ufukwe mkiwa. Leo tunajua kwamba jua lina mabilioni ya miaka mbele yake. Usimhesabie Wells uzembe: wakati huo hesabu za mwanafizikia Kelvin zilikadiria umri wa jua kuwa makumi ya mamilioni ya miaka tu, na unururifu (atomi kutoa mionzi zenyewe), uliofungua njia ya kuzirekebisha hesabu hizo, uligunduliwa mwaka 1896, riwaya ikiwa tayari imetoka. Mahali kama hapa weka herufi S pembeni, ujiulize: hesabu ikirekebishwa, hadithi inaporomoka? Kwangu mimi haiporomoki. Ukiwa wa ufukwe ule unabaki palepale.

Habari za maisha ya mwandishi zisome baada ya kumaliza. Wells alifundishwa biolojia na Thomas Huxley, na mama yake alikuwa msimamizi wa watumishi katika jumba la Uppark, ambako watumishi walifanya kazi zao chini ya ardhi. Ni habari nzuri mno, na ndiyo sababu ni hatari: ukianza nayo, kila kisima utakachokutana nacho kitakuwa Uppark.

Kumbuka pia kwamba msafiri hazungumzi nasi. Anawasimulia wageni wake baada ya chakula cha jioni huko Richmond, na mmoja wao ndiye anayetuandikia. Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa ushahidi: kuchechemea kwake, nguo zilizochafuka, na maua mawili meupe ambayo daktari anayachunguza na kushindwa kutaja jamii yake. Andika pia yanayokutia shaka. Fanya hivyo kabla ya kusoma tamati, kwa sababu humo msimuliaji anasema maua yale yanamshuhudia nini, na ukishayasikia maneno yake ni vigumu kuyarudia mawazo yako mwenyewe.